Tumboni mwa Mheshimiwa

Bi Kisu aliingiza kidole chini ya shavu la samaki, akampasua tumbo kutoka kooni hadi mkiani, na harufu iliyotoka humo ikamfika Inspekta usoni kabla hajapata nafasi ya kurudi nyuma.

"Usikimbie, mwanangu," Bi Kisu alisema bila kuinua macho. "Umetaka kuona tumbo, tumbo ndilo hili."

Inspekta hakukimbia. Alibana pumzi, akafungua daftari. Miaka kumi na minne ya upelelezi ilikuwa imemwonyesha mengi ya kutapisha, lakini samaki walikuwa wamemshinda tangu utotoni. Hali samaki, hapiki samaki, na dada zake humcheka kila wakikutana. Sasa saa mbili asubuhi alikuwa amesimama mbele ya meza ya saruji katika soko la samaki, viatu vimelowa maji ya magamba, nzi wanatua kwenye kola ya shati lake. Nyuma yake Koplo, mwanamume mnene mwenye moyo mweupe, alikuwa anachagua samaki wa mchana.

Kilichowaleta hapo ni jalada jembamba kuliko yote aliyowahi kukabidhiwa. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya Daktari, picha nane, barua ya mkemia na jina la mshitakiwa, basi. Daktari huyo ni wa samaki, si wa watu. Ndiye mkuu wa kituo cha utafiti kilichoko juu ya mto. Jumatatu asubuhi alipiga simu polisi kwamba amekuta samaki arobaini na mmoja wamekufa ukingoni. Walikuwa shanga, samaki wadogo wenye safu ya madoa mekundu ubavuni, ambao hawapatikani katika mto mwingine wowote. Mkemia akakuta miilini mwao dawa ya kuulia wadudu. Na ukingo wenyewe ulikuwa chini kabisa ya bustani ya mzee mmoja anayeitwa Bilinganya, kwa sababu ndizo anazolima, na ambaye huzipulizia dawa hiyo hiyo.

Kufikia adhuhuri ya Jumatatu hiyo majirani walikuwa wameshaimba "sumu, sumu," wameng'oa bustani yote na kuivunja pampu ya maji. Kufikia jioni Bilinganya alikuwa mahabusu. Leo Alhamisi. Kesho saa tatu asubuhi angefikishwa mahakamani, na kosa la kutia mto sumu lina kifungo cha miaka saba. Bilinganya ana miaka sitini na mitatu. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

"Funga jalada, Inspekta," Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa amemwambia. "Lifunge tu. Usilipambe."

Lakini jalada lilikataa kufungika, kwa sababu moja ya kijinga. Mto ulisemekana umetiwa sumu Jumatatu, na hapa Alhamisi soko lilikuwa limejaa samaki wa mto huo huo, wanono, macho yanang'aa. Wote walikuwa wa aina moja: mdomo mpana, shingo hakuna, tumbo limetangulia mbele. Watu wa soko walimwita Mheshimiwa, kwa sababu ya tumbo hilo na kwa sababu alikuja juzi tu na ameshakula kila kitu.

Bi Kisu alilikamua tumbo kwa kidole gumba. Ute wa kijivu ulimwagika mezani, na ndani ya ute huo visamaki kumi na viwili, vingine vizima, vingine vimeshaanza kuyeyuka ngozi. Inspekta alivielekezea kalamu.

"Hawa ni shanga?"

"Shanga wapi! Waangalie midomo. Hawa ni watoto wake."

"Watoto wa nani?"

"Wake mwenyewe, mwanangu. Mheshimiwa anakula wanawe."

Koplo alirudisha taratibu samaki aliyekuwa amemshika.

"Zamani hakuwa hivi," Bi Kisu aliendelea, akifuta kisu kwenye aproni iliyokuwa chafu kuliko kisu. "Alipoingia mtoni, nilikuwa nikipasua mmoja nakuta shanga kumi na watano, ishirini, wengine bado wanafungua mdomo. Baadaye wakawa watano. Wakawa wawili. Walipoisha akahamia kwa kambare wadogo, akawamaliza, akahamia kwa kaa. Sasa hana wa kumla, anakula nyumbani kwake."

"Shanga wa mwisho ulimwona lini?"

"Kabla ya mvua zilizopita. Miezi tisa, kama si kumi."

"Una uhakika, mama?"

"Mimi napara samaki mia kwa siku. Kila shanga niliyemtoa tumboni nilimpa paka wangu. Nenda kamwone alivyokonda."

Inspekta aliandika: miezi tisa. Kisha akaandika chini yake: arobaini na mmoja, na kupiga mstari.

"Na huyu Mheshimiwa, nani alimleta?"

Bi Kisu alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Sasa hilo ndilo swali la polisi? Ukuta wa bwawa la Daktari ulibomoka na mafuriko, mwaka juzi. Mwezi ule ule wavuvi wakaanza kuleta mdudu huyu. Kila mtu anajua. Ila hakuna aliyeandika, na kisichoandikwa ninyi hamkioni."

Inspekta aliliandika na hilo. Alimwomba mfuko wa plastiki, na vile visamaki kumi na viwili vikatiwa humo na ute wao. Koplo alipewa aubebe. Aliushika kwa ncha za vidole viwili.

"Afande," alisema walipofika kwenye gari, "leo nitakula maharage."

* * *

Bilinganya alikuwa amekaa sakafuni mwa mahabusu, mgongo ukutani, ingawa benchi lilikuwepo. Ndoo ya pembeni ilikuwa haijamwagwa tangu jana. Inspekta alimwita askari wa zamu, akamwonyesha ndoo, na askari akaiondoa mbio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumapili ulipulizia dawa?"

"Jumamosi jioni. Jumapili sifanyi kazi."

"Bomba la dawa uliliosha wapi?"

Mzee alitazama mikono yake. "Mtoni," alisema.

Inspekta alifunga daftari. Kuna watu ambao ukiwapa mlango wa kutokea wanaufunga wenyewe kwa ndani, halafu wanakupa na ufunguo. "Uliosha bomba la sumu mtoni?"

"Niliosha. Miaka tisa naosha pale pale, kwenye jiwe. Nani angeniambia? Kwenye kopo wameandika kwa lugha nisiyoijua." Akakisugua kiganja kwa kidole gumba. "Yule Daktari alikuja Jumatatu na picha zake, akanisimamisha mbele ya watu. Akasema, umeua kizazi. Mimi sijawahi kuua hata kuku, mke wangu ndiye huchinja."

"Umewaambia nani habari ya bomba?"

"Wewe."

"Basi usimwambie mtu mwingine hadi nirudi. Umenisikia, mzee? Hata Mkuu."

Bilinganya aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kuitikia, na hilo ndilo lililomtia Inspekta wasiwasi.

* * *

Ukingo wenyewe haukuwa na mambo mengi: tope jeusi, majani marefu, jiwe pana la kuoshea, na juu yake bustani iliyong'olewa. Mashina ya bilinganya yalikuwa yamelala na mizizi juu, yameanza kuoza, na mtu alikuwa amejisaidia katikati ya tuta. Inspekta alilitazama hilo kwa muda mrefu. Watu waliokuja kuulilia mto ndio waliofanya hivyo.

"Geuza mawe, Koplo. Kuanzia hapo pa kuoshea, uende chini."

Koplo alikunja suruali, akaingia majini. Madhara ya sumu, kama walivyofundishwa kozini, huanza na wadogo: uduvi hufa kwanza, wanafuata wadudu wa majini, mwisho ndio samaki. Chini ya jiwe la kwanza palikuwa na uduvi watatu, wakaruka. Chini ya la pili konokono sita na mayai yao. Chini ya la tano Koplo aliumwa na kitu, akatukana, akaomba radhi.

"Wazima wote, afande."

"Wanaweza kuwa wamehamia baadaye?"

"Uduvi labda. Konokono hana mbio hizo. Akifa Jumatatu, Alhamisi hajarudi, tena na mayai."

Inspekta alichuchumaa, akazipanga picha nane juu ya jiwe kavu. Alikuwa ameziona mara kumi ofisini na hazikumwambia kitu. Sasa, akiwa na ukingo mbele yake, alianza kusumbuka. Shanga arobaini na mmoja juu ya tope. Wengine wako juu kidogo, wengine chini kidogo. Lakini wote wamelalia ubavu mmoja, na wote vichwa vyao vimeelekea upande mmoja, kushoto.

"Ni mkondo," Koplo alisema begani kwake. "Maji yanakwenda kushoto."

"Haya, tujaribu. Leta mfuko."

Walitupa visamaki sita majini, hatua ishirini juu ya jiwe, wakasubiri. Inspekta alitazama saa. Baada ya dakika kumi na tano maji yalikuwa yamewarudisha wanne. Mmoja alikuwa kifudifudi kwenye tope, mmoja tumbo juu, mmoja amenasa majanini mkia mbele, wa nne kichwa kimeelekea kulia kabisa. Wa tano alichukuliwa na ndege. Wa sita hakuonekana.

"Maji hayana adabu," Koplo alisema.

"Hayana," Inspekta alikubali, akakusanya picha. Kichefuchefu cha asubuhi kilikuwa kimemwisha. Kilichokuja badala yake kilikuwa kibaya zaidi, maana hakikutokana na harufu yoyote.

* * *

Kituo cha utafiti kilikuwa safi. Sakafu iling'aa, mapazia yalikuwa meupe, na Daktari mwenyewe alinukia sabuni ya maua alipowapa mkono. Alikuwa na miaka hamsini hivi, koti jeupe limepigwa pasi hadi mikononi. Aliwaketisha ofisini mwake, akasikitika vizuri.

"Ni msiba, Inspekta. Nimelia kama nimefiwa na ndugu."

"Pole sana, Daktari. Nimekuja kumalizia jalada tu." Inspekta alizungusha macho ukutani. Kulikuwa na michoro ya samaki zaidi ya ishirini, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja ndani ya fremu yake. Aliwapitia safu kwa safu. Kisha akamtazama Koplo, na Koplo naye alikuwa anatazama ukuta, mdomo umeachama.

"Ulipowakuta pale ukingoni," Inspekta alisema, "uliwagusa?"

"Kamwe. Nimeandika kwenye maelezo yangu. Nilipiga picha kwanza, kama maji yalivyowaacha. Baada ya hapo ndipo nikawatia kwenye barafu."

"Kama maji yalivyowaacha."

"Vilevile."

Inspekta aliandika neno hilo, akampa Daktari alisome na kulitilia sahihi. Alitia bila kusita. Watu wa aina yake hawaogopi karatasi, wanaogopa kuchafuka.

"Na kitu kimoja kidogo," Inspekta alisema, akiuweka mfuko wa plastiki mezani. "Hawa tumewapata sokoni. Mimi na samaki hatujuani. Ungenisaidia kujua ni aina gani."

Daktari alikunja pua. Hata hivyo kuombwa utaalamu ni kitu kitamu, na mwenye nao hujisahau. Alivuta sinia nyeupe, akavaa glovu, akawamwaga wale visamaki sita waliobaki na ute wao, akachukua koleo dogo.

"Wameharibika sana hawa. Wamekaa tumboni mwa mwingine, si ndiyo? Angalia taya." Koleo lilimnyanyua wa kwanza, likamlaza. "Huyu hana hata miezi miwili." Wa pili akafuata, na wa tatu. Huku akieleza habari za taya na meno, vidole vyake vilikuwa vinafanya kazi yao wenyewe. Aliyelala kifudifudi alimgeuza. Aliyeelekea kulia alimzungusha. Kila mmoja alimkunjua pezi la mgongoni kwa ncha ya koleo, taratibu, kwa upendo kabisa. Alipomaliza kusema, visamaki sita vilikuwa vimelala kwenye sinia vichwa kushoto, ubavu wa kushoto juu.

"Kwa nini umewageuza?" Inspekta aliuliza.

"Nani?"

"Hao. Umewalaza wote upande mmoja."

Daktari alitazama sinia, akatabasamu. "Aa, mazoea tu. Kwetu samaki hulazwa hivyo, kwa kupiga picha, kwa kuchora. Kichwa kushoto. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa wiki ya kwanza, na hasahau hadi anakufa."

"Mtu asiyesomea samaki angewalaza hivyo?"

"Angewatupa ovyo."

"Na maji?"

Daktari aliliweka koleo chini. Inspekta alizitoa picha nane, akaziweka kando ya sinia, moja baada ya nyingine. Koplo aliinuka akaenda kusimama mlangoni bila kuambiwa.

"Arobaini na mmoja, Daktari. Nimewahesabu wote. Hata mapezi umewakunjua."

"Labda... niliwasogeza kidogo. Kwa ajili ya picha."

"Umetilia sahihi neno vilevile. Wino haujakauka."

"Mtu husahau, Inspekta."

"Sawa, umesahau. Basi nikumbushe jambo jingine. Shanga walitoka wapi? Bi Kisu hajawaona tumboni mwa Mheshimiwa kwa miezi tisa."

"Yule mpara samaki?" Uso wa Daktari ulipata rangi tena. "Unakuja hapa kwangu na maneno ya mtu asiyejua hata kusoma?"

"Yeye simjui sana. Nimemwamini paka wake." Inspekta aliinuka. "Tuonyeshe unapofugia."

Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi. Daktari alisema ufunguo umepotea. Koplo akauona umetundikwa msumarini, kando ya mlango, na kibandiko chake. Ndani mlikuwa na matangi sita ya kioo, taa zinawaka, pampu za hewa zinatoa mapovu, maji safi kabisa. Hakuna kilichoogelea. Kwenye ukuta kulikuwa na karatasi ya kulishia, na kila asubuhi na jioni mtu alikuwa ametia alama ya vema na idadi. Alama ya mwisho ilikuwa ya Jumapili jioni. Idadi ilikuwa arobaini na mmoja.

Pembeni, chini ya sinki, kulikuwa na beseni la bluu, na ndani yake kopo la dawa ya kuulia wadudu. Lilikuwa la chapa ile ile ya Bilinganya, na hata kifuniko hakikufungwa vizuri.

Inspekta alimsomea onyo. Daktari alisikiliza hadi mwisho, akavua glovu, akazikunja moja ndani ya nyingine.

"Niliwazalisha mwenyewe," alisema. "Miaka sita. Nilianza na kumi na moja."

"Kwa nini?"

"Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumanne kuhesabu shanga wa mtoni. Mtoni hakuna shanga. Wangeuliza wako wapi, ningejibu nini? Kwamba wameliwa na samaki niliyemleta mimi, akatoroka kwenye bwawa langu, nami nikanyamaza miaka miwili?"

"Ungejibu hivyo hivyo."

"Kituo kingefungwa."

"Na Bilinganya afungwe badala yake."

"Huyo anaosha bomba mtoni, Inspekta. Nimemwona kwa macho yangu. Si mtu safi."

Koplo aliguna. Inspekta alikuwa anatazama matangi. "Hukuweza kuchukua kumi? Ukabakisha wengine?"

Daktari alimtazama kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi mgumu wa kuelewa. "Kumi wangesema ni bahati mbaya. Arobaini na mmoja ni idadi inayokubalika."

"Kuna mto mwingine wenye shanga?"

"Hakuna."

Pampu ziliendelea kupuliza. Asubuhi nzima Inspekta alikuwa amevumilia matumbo, ute na kinyesi cha watu, na angeweza kuvivumilia tena vyote kwa siku nzima kuliko kusimama dakika moja zaidi karibu na harufu ya sabuni ya maua. Alimsukumia Daktari karatasi.

"Andika. Yote. Kuanzia bwawani."

* * *

Saa kumi jioni walipofika kituoni, Mkuu aliwapokea barazani, anatabasamu hadi magego. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Umechelewa, Inspekta. Mzee amekubali. Saa nane nimekwenda kumsalimia tu, tukazungumza kidogo, akaniambia mwenyewe habari ya bomba. Ameweka dole gumba hapa. Ona."

Inspekta aliona. Dole lilikuwa la bluu, limekandamizwa kwa nguvu, la mtu asiyetaka kukosea. Alifungua jalada, akaweka juu yake kurasa nne za Daktari.

Mkuu alisoma akiwa amesimama. Akaingia ofisini, akasoma tena akiwa amekaa. Kupitia dirishani alimwona Daktari akiwa benchini na Koplo, koti jeupe, mguu juu ya mguu.

"Huyu ni mtu wa heshima," Mkuu alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo maana ametia sahihi kwa kalamu."

"Usinifanyie mzaha. Sasa nina waliokiri wawili kwa kosa moja. Nikimpeleka huyu, simu zitaanza kulia leo hii. Yule mzee hana wa kumpigia simu."

"Ndiyo. Hana."

Walitazamana. Mkuu ndiye aliyeinamisha macho kwanza, akaanza kutafuta kitu ndani ya droo.

"Kesho saa tatu, afande, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya hakimu," Inspekta alisema. "Nitaulizwa upelelezi umeonyesha nini, na nitasema nilichokiona. Samaki kwa samaki. Kama hutaki nisimame, niandikie sasa hivi kwamba umenizuia."

Kuandika ndicho kitu ambacho Mkuu hakuwahi kukipenda maishani. Alilitazama dole gumba la bluu kwa mara ya mwisho, akaikunja karatasi yake mara mbili, akamsukumia ufunguo wa mahabusu kwa ukucha, kana kwamba umechafuka.

Bilinganya alikuwa pale pale sakafuni. Kidole chake kilikuwa bado na wino.

"Nilikwambia usiseme," Inspekta alisema.

"Aliniuliza kwa upole, mwanangu."

"Haya, inuka, mzee. Umeachiwa."

Hakuinuka. "Nani kaniachia?"

"Mimi."

"Lakini mimi niliosha bomba."

"Uliosha, na hutaosha tena. Ila wale samaki hukuwaua wewe. Wa mtoni waliliwa zamani. Waliokuwa kwenye picha waliuawa na Daktari, ndani ya beseni, kituoni kwake. Ameandika mwenyewe."

Mzee alimtazama usoni kwa muda, akitafuta huruma, kwa sababu huruma ingekuwa na maana kwamba anadanganywa. "Unanifariji?"

"Mimi si mtu wa kufariji watu. Uliza yeyote hapa."

Bilinganya aliifuta mikono yake kwenye magoti, polepole, mmoja baada ya mwingine. "Siku hizi nne," alisema, "kila nikiamka nilikuwa nawaomba radhi wale samaki. Mmoja mmoja, hadi wanaisha. Nilifikiri labda nikifika arobaini na moja nitapata usingizi." Akatazama mlango. "Yeye yuko wapi?"

"Benchini, hapo nje."

"Amewaomba radhi?"

Inspekta alifikiria kumdanganya, akaona mzee ameshadanganywa vya kutosha.

"Ameomba soda," alisema. "Baridi."

Ndipo Bilinganya aliposhika ukuta, akainuka, akaomba viatu vyake.